Ndama Nyuma ya Gunia

Kabura alikuwa amejifunza kukohoa kama mtu mwenye kifua kibovu. Kila ndama alipolia nyuma ya jikoni na kukawa na mtu langoni, yeye alikohoa kwa nguvu, kisha akapaza sauti kuuliza habari za watu ambao hata mgeni mwenyewe hakuwajua. Wageni waliondoka wakimshauri anywe tangawizi. Alishukuru, akafunga lango, na moyo ukarudi mahali pake polepole.

Ndama huyo alikuwa jike. Wenyeji wa huko juu ya Naro Moru humwita mori, na mori ndiye ng'ombe wa kesho, ndiye maziwa ya uzeeni. Kabura alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja na mwana mmoja, Mwai, aliyekuwa akiwabebea wageni mizigo mlimani na kuonekana nyumbani kwa nadra. Alikuwa amemngoja mori huyu kwa miaka kama wengine wanavyongoja mjukuu. Sasa amempata, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na furaha yote ilikuwa imegeuka hofu.

Maana katika vijiji vile mtu akipata mori hapigi mbiu. Jicho la mtu lina kazi yake. Mtu atamtazama ndama wako, atamsifu, atasahau kumtemea mate kidogo ya baraka jinsi wazee walivyofanya, na kesho yake utamkuta ndama amelala ubavu, hataki kunyonya. Ndivyo Kabura alivyompoteza mori wa kwanza, mumewe akiwa bado hai. Gicheru, daktari wa mifugo, alikuja akasema ni kichomi, ni baridi ya mlima na sakafu yenye maji. Kabura alimsikiliza kwa heshima zote. Akaitengeneza sakafu, na juu ya hayo akatundika gunia mlangoni mwa banda.

Basi asubuhi moja kwenye kituo cha maziwa, watu wakiwa wameketi juu ya mikebe yao wakingoja lori, aliulizwa ng'ombe wake amezaa nini. "Ni ndume tu," akajibu, akasonya. Wakampa pole. Ulikuwa uongo mdogo wa kujikinga, uongo ambao mama yake angeusema, na bibi yake pia, bila kukosa usingizi. Hakujua kuwa kuna mtu aliyekuwa akiutilia maanani.

Mtu huyo alikuwa Mwalimu Muriithi. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya Ruring'u mpaka akastaafu, akarudi kwao na ng'ombe mzuri wa maziwa ambaye alitarajia amzalie kizazi kizima. Ng'ombe akazaa ndume. Akazaa ndume tena. Mwaka huu, akiwa amezeeka na labda asizae tena, akazaa ndume wa tatu. Mwalimu akaanza kuuliza wenzake pale kituoni, mmoja baada ya mwingine, wao wamepata nini. Karibu wote walimjibu kwa kinyongo: ndume, ndume, ndume tu.

Mwalimu hakuwa mtu wa porojo. Nani asiyekumbuka mwaka wa mbegu za viazi? Wakati huo alikuwa amesema mbegu zile zilizoletwa na gari zuri ni viazi vya kupika vilivyooshwa, wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Viazi vikaozea ardhini, na gari zuri halikuonekana tena. Tangu siku hiyo Mwalimu akisema jambo, hakuna aliyecheka.

"Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote," aliwaambia. "Bahati haifanyi hivi. Bahati hukupa huyu na yule. Hii yetu iko na mkono ya mtu. Mnajua kuna mbegu ya ng'ombe inauzwa, ya kuzaa mori peke yake? Iko, nimesoma. Sasa kama wanaweza kutengeneza ya mori peke yake, ya ndume peke yake inawashinda na nini? Na ni nani atafaidika sisi tukikosa ng'ombe ya kukamua? Ni watu wa maziwa ya unga."

Neno hilo likawaingia vichwani, likaenea. Aliyeleta mbegu hizo ni nani? Ni Gicheru, na ule mtungi wake wa baridi anaoubeba nyuma ya pikipiki, wenye mbegu za fahali za kupandishia ng'ombe. Na Yarrow, yule mfanyabiashara wa Nanyuki anayepita kununua ndama dume, alijuaje kuwa mwaka huu watakuwa wengi? Yarrow alikuwa amepita kila mwaka tangu zamani, lakini mwaka huu kule kupita kwake kukapata maana. Ukishapewa ufunguo wa namna hiyo, kila mlango unafunguka nao.

Na Kabura je? Hapa ndipo penye maajabu. Kabura aliamini. Aliyekuwa akimnywesha mori maziwa kila asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, mori wa mbegu ya Gicheru, aliketi pale juu ya mkebe akatikisa kichwa pamoja na wengine. Wake alimhesabu kuwa rehema. Mungu ameona mjane, akamtoa kwenye mtego ambao wengine wote wamenaswa nao. Aliogopa zaidi kumwonyesha, basi. Kama kweli yuko peke yake kijiji kizima, macho yote yangemwangukia yeye.

Siku moja alishuka kwa jirani yake Wamucii kuazima molasi ya kuchanganyia majani. Wamucii alikuwa miongoni mwa waliolalamika sana kituoni. Wakiwa wamesimama uani, sauti ndogo ya ndama ikatoka nyuma ya ghala, na Wamucii akashika sufuria iliyokuwa karibu akaanza kuisugua kwa mchanga kwa kelele ya kupasua masikio, huku akiuliza, "Na Mwai je, bado ako huko mlimani? Na yule rafiki yake wa Kiganjo, alioa?"

Kabura hakumjua rafiki yeyote wa Mwai wa Kiganjo. Alimtazama Wamucii, akaitazama sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, kisha akatazama kule ghalani. Mlangoni palining'inia gunia. Jipya, limeshonwa vizuri kuliko lake.

"Hiyo kifua yako imepona?" Wamucii akauliza bila kumtazama.

"Inaendelea," Kabura akajibu.

Wamucii akampa molasi. Kabura alipanda kilima na molasi yake. Akamkumbuka mke wa mzee wa kanisa, ambaye siku hizi huwapokea watu langoni tu. Akakumbuka nyumba ya chini ya barabara, wanakofungulia redio zizini kutwa nzima. Kumbe si rehema. Wenye ndume walisema ndume kwa uchungu, na wenye mori walisema ndume kwa woga, na Mwalimu wa watu akayachukua yote akayajumlisha. Hesabu yake haikuwa na kosa hata kidogo. Waliomdanganya ni wao, naye Kabura alikuwa mmojawapo.

Angenyamaza, labda. Watu hunyamaza kwa makubwa kuliko hayo. Lakini kukatangazwa mkutano wa Jumamosi, uwanjani mbele ya kituo cha maziwa, Gicheru aje ajieleze. Na kina Kinuthia, vijana wa kupakia maziwa kwenye lori, walikuwa wakisema waziwazi kuwa hawahitaji maelezo, wanahitaji petroli kidogo na kiberiti. Wengine walisema ni pikipiki tu itachomwa. Kabura alikuwa ameishi vya kutosha kujua kuwa moto haujui pikipiki inaishia wapi na mwenyewe anaanzia wapi.

Alimpigia Gicheru simu. "Kijana yangu, usikuje Jumamosi. Enda Murang'a kwa dada yako, ukae kidogo."

"Nikienda watasema nimetoroka, Mama Mwai," Gicheru akasema. "Mimi sina kitu ya kuficha."

Kabura akaitazama simu. Kijana mzima, msomi, na bado anadhani asiye na kitu cha kuficha hapati kuguswa.

Ijumaa mchana akaenda kwa Mwalimu. Alimkuta zizini anachana ng'ombe wake mzee manyoya kwa brashi, taratibu. Akamwambia yote pale pale kabla ujasiri haujamtoka: wake ni mori, na anajua hayuko peke yake, ila hatataja mtu.

Mwalimu hakugeuka. Aliendelea kuchana. "Nilisikia unakohoa sana," akasema mwishowe. "Nikafikiri labda."

"Sasa ulijua?"

"Nilifikiri labda. Kufikiri labda si kujua." Akaiweka brashi chini. "Hata kama wameacha mori moja hapa, moja pale, ndiyo tusishtuke. Mwizi mwerevu hafagii nyumba yote."

"Mwalimu, na ikiwa ni bahati tu?"

Hapo akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, si ya hasira, na Kabura alitamani asingeuliza. "Ukiniambia ni bahati, unaniambia nikae tu. Unaniambia nilichunga huyu ng'ombe vizuri, nikamlisha kuliko nilivyojilisha, na haikuhesabiwa mahali popote. Mtu akiwa amenifanyia, nitamtafuta nimuulize. Bahati nitaiuliza wapi?"

Kabura aliiokota brashi akampa. Alirudi nyumbani amejaa huruma na hofu kwa pamoja, na usiku ule hakupata lepe la usingizi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Gicheru alikuja na pikipiki yake kama alivyoahidi, akasimama katikati, mtungi wa mbegu ameuweka kati ya miguu yake. Kinuthia akauchomoa ufunguo wa pikipiki akautia mfukoni kwa utulivu, na hakuna mzee aliyemkemea. Kando ya ukuta palikuwa na chupa ya plastiki, na ndani yake maji ya rangi ambayo si ya maji. Kila mtu aliiona na kila mtu aliangalia kwingine.

Gicheru alijaribu kueleza. Alisema mbegu anazoleta ni za kawaida, nusu kwa nusu, na hakuna ajuaye nini kitatoka. Kadiri alivyoeleza ndivyo sura zilivyozidi kukazana. Mtu akashtuka kumwona anatokwa na jasho katika baridi ile, na hilo nalo likawa ushahidi. "Mwenye haki hatoi jasho," sauti ikasema nyuma. Watu wakaanza kusogea, si kwa hatua, kwa mabega tu.

Kabura alijikuta amesimama. Akamshika Wamucii bega. "Mimi nilidanganya," akasema. "Yangu si ndume. Ni mori. Ni ya mbegu ya huyu huyu."

Vichwa vikamgeukia. Akamtazama Wamucii chini ya mkono wake, akamwomba kwa macho aseme neno. Wamucii alikuwa akiangalia viatu vyake. Mke wa mzee wa kanisa akafunga kitambaa chake upya. Watu wa nyumba ya chini ya barabara walikuwa wakiutazama mlima, na mlima siku hiyo ulikuwa ndani ya mawingu.

"Amenunuliwa," Kinuthia akasema.

"Ati mori," mwingine akasema. "Atuonyeshe."

"Atuonyeshe."

Neno likapokewa, na kabla Kabura hajameza mate, uwanja mzima ulikuwa umeshaanza kupanda kilima kuelekea kwake. Vijana mbele, Gicheru katikati ameshikwa mkono na watu wawili, wazee nyuma. Kabura alitangulia akikimbia nusu. Alichokuwa akikificha kutoka kwa jicho moja sasa anakipelekea kijiji kizima. Akawaza kusema ndama amekufa, amemuuza, amemwota tu. Akamwona Gicheru anavyojikwaa, na ile chupa mkononi mwa Kinuthia.

Akafika bandani. Akalishika gunia, akafumba macho, akalivuta pembeni.

Ndama aliinua kichwa. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza, na upepo ukaingia naye akatingisha masikio. Watu wakajazana mlangoni, wa nyuma wakisimama kwa ncha za vidole. Kinuthia aliingia, akainua mkia, akachungulia, akautua. "Ni mori," akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu tena.

Mwalimu Muriithi akapewa njia. Alimtazama ndama muda mrefu. Kisha akamwuliza Gicheru, kama anayeuliza mwanafunzi ubaoni, "Huyu na yangu, ulipandisha lini?"

"Siku moja, Mwalimu. Nilitoka kwako nikakuja hapa. Mtungi ni hii hii."

"Nani alipiga simu mbele?"

"Ni wewe."

"Kwa hivyo kama ningechelewa kupiga."

Gicheru akaona anakoelekea, akasita. "Hakuna mtu anajua, Mwalimu. Labda ingekuwa vile vile, labda hapana. Mimi nachukua yenye mkono unashika."

Kabura aliogopa dakika ile kuliko zote. Alijua mzee angeweza kusema, basi mkono wako ulichagua, na mambo yangekwisha vibaya. Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga. Hapo Wamucii akapenya katikati ya watu, akainama, akamtemea ndama mate kidogo kwenye lile baka jeupe.

"Hata yangu ni mori," akasema. Alimwambia ndama, hakuwaambia watu. "Ni mdogo kwa huyu."

Mke wa mzee wa kanisa akafuata, akatema, akasema wake wako wawili. Kisha mtu wa nyumba ya chini. Wengine hawakusema chochote, walitema tu, lakini nyuso zao zilisema. Hata Kinuthia alitema, akautoa ufunguo mfukoni akamrudishia Gicheru. Halafu ghafla kila mtu akakumbuka kazi aliyoiacha kwao. Walishuka kilima upesi kuliko walivyopanda, wakiwaza magunia yao, maana sasa kila mmoja amejua ni nyumba zipi za kuchungulia. Chupa ya petroli ilibaki kwenye nyasi kando ya lango.

Mwalimu alikuwa wa mwisho. Alilowesha kidole kwa mate, akamgusa ndama pajini, akanung'unika baraka ya wazee mpaka mwisho, hakuruka hata neno.

"Afadhali ingekuwa mtu," akamwambia Kabura. Akashuka polepole, mkono mmoja mgongoni.

Alibaki Gicheru. Sasa hatari ilipokwisha alicheka, akafuta macho kwa kiganja. Aliingia bandani akamsugua ndama shingo. "Ni mori safi sana, Mama Mwai. Msimu huu sijaona mzuri kama huyu." Alikuwa kijana wa kisasa, mambo ya mate hakuyajua, au aliyajua akayaacha kwao. Akambusu Kabura mkono, akashuka kuifuata pikipiki yake uwanjani. Kabura alimpungia hadi akapotea, mwepesi moyoni kama ambavyo hakuwa mwepesi siku nyingi. Hakulirudisha gunia. Haya ya kulirudisha ilimshika, baada ya yote aliyosema.

Asubuhi ndama hakumaliza maziwa. Alikohoa, akatulia, akakohoa tena, kikohozi cha kweli. Kabura alipapasa sakafu: imelowa, mvua ilikuwa imeingia usiku kucha kwa mlango ulio wazi, na upepo wa mlimani juu yake. Alijua ni nini. Mwenyewe angeweza kumfundisha mtu. Alimpigia Gicheru, naye akasema yuko njiani na dawa.

Alikaa juu ya ndoo akingoja. Ili kupitisha muda akawakumbuka waliosimama pale mlangoni jana. Wamucii alitema. Mke wa mzee alitema. Kinuthia, hata Kinuthia, alitema. Mwalimu alibariki kwa kidole. Hakuwa akitafuta kitu, alijiambia, alikuwa akiwakumbuka tu. Wote walitema. Wote, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyemsifu.

Akatikisa kichwa kulifukuza wazo. Ndama akakohoa. Mwenye kubeba mtungi ni nani, mwenye kubeba dawa ni nani, na aliyekuja kumwangalia yule mori wa kwanza kabla hajafa ni nani?

Pikipiki ilisikika barabarani, ikapunguza mwendo, ikaingia langoni. "Mama Mwai," Gicheru akaita, "ako wapi mgonjwa?"

Kabura alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Gunia lilikuwa limeshushwa tayari, na mkono wake ulikuwa umelishikilia chini, kwenye pindo. Akafungua kinywa amwite aingie, akajisikia mwenyewe anakohoa kile kikohozi cha langoni.